Jeki, USB, mwanga, HDMI au Bluetooth: sauti ya kompyuta ya nyumbani ipitie wapi?

Mzee jirani yangu hapa Walukuba, Jinja, Uganda, ana amplifaya ya mtumba anayoitunza kama yai, na spika mbili za mbao zinazomfika mtu kiunoni. Alisikilizia kaseti, akasikilizia CD, kisha wanawe wakamletea kompyuta ya mezani iliyojaa muziki wake wote: lingala za zamani, taarab, kadongo kamu, na kaswida alizozipenda marehemu mkewe. Alipoiunganisha, sauti ilitoka. Lakini chini yake palikuwa na mvumo mzito usiokoma, na juu ya mvumo huo mlio mwembamba kama wa mbu, uliobadilika kila aliposogeza mausi. Akamtuma mjukuu aniite. Nilipofika aliniambia, "Mwanangu, nyimbo zangu zote zimo humu, lakini siwezi kuzisikia."

Kwa majuma mawili tulijaribu karibu kila njia inayotoa sauti kwenye kompyuta. Nikaongeza na laptopu ya mpwa wangu, kijana anayehariri video za harusi na anayeshinda na hedifoni masikioni. Ulinganisho huu umetoka kwenye kazi hiyo. Nimeuandika kwa nyumba kama zetu, zenye soketi ambazo ethi yake, yaani waya wa kwenda ardhini, haiaminiki, inveta ya sola, dishi ukutani na radi za jioni. Ushauri mwingi kuhusu sauti ya kompyuta hutolewa kana kwamba umeme wa nyumbani daima ni safi. Kwetu sivyo, na kwa hiyo njia iliyo bora kwingine si lazima iwe bora hapa.

Tarakimu ni zilezile

Jambo moja liwe wazi mapema, maana ndipo pesa za watu wengi zinapopotelea. Wimbo ulio ndani ya kompyuta ni mfuatano wa tarakimu. CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, huchukua sampuli 44,100 za sauti kila sekunde, kila sampuli ikiwa na biti 16, kwa pande mbili za kulia na kushoto. Zidisha, utapata biti 1,411,200 kwa sekunde. Tarakimu hizo zikipita kwenye waya wa USB, kwenye kebo ya mwanga au kwenye HDMI, hufika zikiwa zilezile, au la sivyo utasikia mkatiko wa wazi kabisa. Mvumo hauwezi kuingia ndani ya tarakimu. Kebo ya bei kubwa haiwezi kuzitia utamu.

Mvumo huingia baadaye, pale tarakimu zinapogeuzwa kuwa umeme wa sauti na umeme huo kusafirishwa hadi kwenye amplifaya. Chombo kinachofanya kazi hiyo ni kigeuzi. Madukani utakisikia kikiitwa DAC. Kila kompyuta yenye tundu la hedifoni inacho kimoja ndani. Kwa hiyo swali la kujiuliza unapochagua njia ni hili: kigeuzi changu kitakaa wapi, na kimeunganishwa na umeme wa nani?

Lipo pia suala la faili zenyewe, nalo nitalipitia haraka. Nyimbo nyingi tunazopakiwa kwenye flashi pale mjini ni MP3 za kilobiti 128 kwa sekunde, yaani sehemu moja ya kumi na moja ya tarakimu za CD. YouTube nayo huleta sauti iliyobanwa, kwa kawaida kati ya kilobiti 128 na 160. Zinasikilizika, lakini matoazi huwa na mchanga ndani yake na makofi ya hadhira huchanganyika. Hakuna kigeuzi kitakachorudisha kilichokwisha kutupwa. Mzee alikuwa na CD zake halisi kabatini, tukazinakili upya katika FLAC, mtindo unaobana faili bila kutupa hata biti moja. Saa moja ya CD isiyobanwa ni kama megabaiti 635. FLAC huipunguza hadi karibu nusu au zaidi kidogo. Kama unazo CD, anza hapo kabla ya kununua chochote.

Jeki ya kompyuta dhidi ya kigeuzi cha USB

Jeki ya kijani nyuma ya kompyuta, au tundu la hedifoni ubavuni mwa laptopu, ina sifa moja kubwa: umeshailipia. Na tuseme haki, vigeuzi vilivyomo kwenye kompyuta za miaka ya karibuni ni vizuri kuliko sifa yao. Mwaka 1997 Intel ilileta mpango wa AC'97, ambao katika mashine nyingi ulilazimisha kila sauti ipelekwe kwenye kilohezi 48, yaani sampuli 48,000 kwa sekunde, hata kama ilikuwa 44.1, na ubadilishaji huo mara nyingi ulifanywa ovyo. Mwaka 2004 ukaja mpango mpya wa sauti uliokubali viwango vyote. Kama kompyuta yako ni ya baada ya hapo, chipu yenyewe pengine haina kosa.

Tatizo ni majirani zake. Kigeuzi kimebanwa kwenye madabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, pamoja na prosesa, feni, kadi ya michoro na saketi za kupunguza volti, vyote vikivuta umeme kwa mishtuko mishtuko. Ule mbu wa Mzee ulikuwa ndio huo: kila mausi iliposogea, prosesa iliamka, umeme ukatikisika, na mtikisiko ukapenya kwenye waya wa sauti.

Kigeuzi cha USB hutoka nje ya kelele hiyo. Ni kiboksi, au hata kijikebo kifupi chenye jeki mwishoni, kinachopokea tarakimu kupitia USB na kuzigeuza kikiwa mbali na madabodi. Tulipokichomeka kwa Mzee, mbu alinyamaza papo hapo. Kwa mpwa wangu mambo yalikuwa hivyohivyo: laptopu yake ilikuwa na mnong'ono kwenye hedifoni kila alipokuwa akitoa video, na kijikebo kile kiliuondoa wote. Kwa mtu wa hedifoni na laptopu, sioni haja ya kutafuta zaidi ya hapo.

Lakini uwe macho dukani. Adapta za USB-C zenye jeki ya hedifoni ni za aina mbili zinazofanana kwa sura. Moja ina kigeuzi kamili ndani yake. Nyingine ni waya mtupu, imetengenezwa kwa simu fulani ambazo hutoa sauti iliyokwisha kugeuzwa kupitia tundu hilohilo. Ukiichomeka kwenye kompyuta hutasikia kitu. Ile ya Apple, kwa mfano, ina kigeuzi ndani, inafika biti 24 na kilohezi 48, na inafanya kazi hata kwenye kompyuta ya Windows. Kwa nyingine yoyote, nenda na laptopu yako, ichomeke hapohapo kaunta, uone kama kompyuta imetambua kifaa kipya cha sauti.

Jambo jingine ni umri wa mfumo. Vigeuzi vya USB vina madaraja. Daraja la kwanza hufika biti 24 na kilohezi 96 na hukubaliwa na karibu kila kompyuta bila draiva, yaani programu ya ziada ya kukiendesha kifaa. Daraja la pili hupanda juu zaidi, lakini Windows ilianza kulielewa lenyewe mwaka 2017, katika toleo la 1703 la Windows 10. Baadhi ya kompyuta za ofisi tunazonunua za mtumba bado zina Windows 7. Mwenye mashine ya namna hiyo achukue kigeuzi cha daraja la kwanza, au ahakikishe mtengenezaji anatoa draiva. Linux na Mac zilishalimaliza jambo hilo miaka mingi kabla.

Mvumo, na kwa nini USB peke yake haikutosha

Mbu aliondoka, mvumo ukabaki. Hapa ndipo tulipotumia siku nyingi zaidi.

Umeme wetu ni wa volti 240 na hezi 50, na mvumo unaousikia kwenye spika ni hizo hezi 50 pamoja na ndugu zake wa 100 na kuendelea. Nilipoligusa boksi la kompyuta ya Mzee kwa mgongo wa kidole, lilinitekenya. Wengi wetu tunaijua hali hiyo na tumeizoea, lakini ni ishara ya kuzingatiwa. Ndani ya pawasaplai mna vichujio vinavyomwaga umeme kidogo kwenye boksi kwa kutegemea kwamba waya wa ethi utaupeleka ardhini. Soketi ikiwa haina ethi, boksi huelea kwenye karibu nusu ya volti za ukutani. Mkondo wake ni mdogo, lakini unatafuta njia. Kwa Mzee ulikuwa umeipata: ulitoka kwenye kompyuta, ukapita kwenye ngozi ya kebo ya sauti hadi kwenye amplifaya, kutoka hapo ukaenda kwenye televisheni, kwenye dikoda, kwenye dishi lililofungwa ukutani. Njiani uliacha mvumo.

Tulimwita fundi umeme. Akafungua soketi, akakuta waya wa ethi umekatwa nyuma yake. Alipouunganisha, mtekenyo uliisha na mvumo ukapungua sana, ila haukuisha. Sababu ni kwamba sasa vifaa vilikuwa na njia mbili za kwenda ardhini, moja kwenye soketi na nyingine kwenye dishi, na njia hizo mbili zikafanya mzunguko. Kigeuzi cha USB hakiwezi kuukata mzunguko huo, kwa sababu waya wa USB unabeba ethi ya kompyuta pamoja na tarakimu. Tarakimu zilifika safi. Sauti iliyotoka baada yake ndiyo ilichafuliwa.

Kuna jaribio lisilogharimu kitu ambalo kila mtu anapaswa kulifanya kabla ya kununua. Kama ni laptopu, chomoa chaja ukiwa unasikiliza. Mvumo ukikatika, tatizo ni umeme, wala si kigeuzi. Kisha chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja, uchomoe kebo ya dishi kwa dakika mbili, usikilize tena. Nyumba nyingi hupona kwenye hatua hii. Ila usikubali ushauri wa kuuvunja au kuukata ule mguu wa ethi wa plagi ili mvumo uishe. Unaisha kweli, na siku pawasaplai itakapoharibika, boksi litabeba volti 240 na mtoto ataligusa.

Vipo pia vitenganishi vya USB, vijiboksi vinavyokata njia ya umeme na kuacha tarakimu zipite. Vile vya bei nafuu vinapitisha megabiti 12 tu kwa sekunde. Kiwango hicho kinakitosha kigeuzi cha daraja la kwanza. Vya daraja la pili vingine hukataa kuamka. Njia ni nzuri, lakini kwa mtu mwenye amplifaya iliyokaa mahali pamoja, ipo iliyo rahisi kuliko hiyo.

Mwanga dhidi ya koaksia

Toshiba ilileta kebo ya mwanga mwaka 1983, kwa ajili ya kuunganisha mashine zake za CD. Ndani yake hamna shaba. Ni uzi wa plastiki, upande mmoja taa ndogo nyekundu ikiwaka na kuzima mamilioni ya mara kwa sekunde, upande wa pili jicho likisoma. Tarakimu zinapita, umeme hauna pa kupita. Mvumo wa ethi, mtekenyo wa boksi, takataka za inveta, vyote huishia mlangoni.

Kompyuta ya Mzee, kama zilivyo nyingi za ofisi, haikuwa na tundu la mwanga. Tuliongeza kikadi kidogo cha USB chenye tundu hilo, kebo ya mita mbili, na karibu na amplifaya tukaweka kiboksi kinachopokea mwanga na kutoa jeki za nyekundu na nyeupe, kwani amplifaya yake ni ya zamani na haijui tarakimu. Mvumo ulikatika. Mzee aliinamisha sikio hadi kwenye kitambaa cha spika, akakaa hivyo kwa muda, kisha akanitazama bila kusema neno.

Njia hii ina masharti. Kiboksi cha upande wa amplifaya kinahitaji volti 5, na ukikipa chaja ya simu isiyo na ubora utarudisha kelele uliyokwisha kuifukuza. Tulisikia mkwaruzo mdogo, tukakihamishia kwenye pawabenki, ukatoweka. Baadaye tulipata chaja nzuri na hali ikabaki njema. Kebo yenyewe haipendi kukunjwa kona kali, na kebo mpya huja na vifuniko vidogo vya plastiki puani ambavyo watu husahau kuvivua, kisha wakadai kebo ni mbovu. Ukitaka kuijaribu, chomeka upande mmoja, elekeza mwingine kwenye kiganja: ukiona doa jekundu, inafanya kazi. Usilipie dhahabu iliyopakwa kwenye pua yake. Mwanga hauijui dhahabu. Na usiivute mbali sana. Mita tano ni salama, zaidi ya kumi ni kubahatisha.

Koaksia ni ndugu yake wa shaba. Sauti ni ileile, lugha ya tarakimu ni ileile iliyobuniwa na Sony na Philips, tundu ni lile la duara kama la video. Inavumilia kukunjwa, inakwenda mbali zaidi, na ina siri moja inayookoa pesa: kebo ya manjano ya video iliyokuja na deki ya DVD ina omu 75 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), sawasawa na inavyotakiwa, hivyo huna haja ya kununua nyingine. Kama amplifaya yako ina tundu la koaksia na nyumba yako haina mvumo, tumia hiyo. Ila kwa kuwa ni shaba, inaunganisha ethi mbili kama USB. Penye mvumo, mwanga unashinda.

Watu wa sauti hubishana pia kuhusu saa, yaani nani anahesabu mapigo ya sampuli. Katika mwanga na koaksia, saa husafiri ndani ya tarakimu zenyewe na kigeuzi huitoa humo. Katika vigeuzi vingi vya USB vya sasa, saa imo ndani ya kigeuzi na kompyuta hufuata. Kwa nadharia USB ina ubora hapo. Kwa masikio yangu, katika chumba chenye mabati juu na bodaboda nje, sikuwahi kusikia tofauti, ilhali mvumo niliusikia kutoka uani. Ndivyo pia kwa biti 24. Biti 16 zinatoa nafasi ya desibeli 96 hivi kati ya sauti kubwa na ukimya, na sijawahi kukaa kwenye nyumba ya Jinja iliyotulia kiasi cha kuhitaji zaidi wakati wa kusikiliza. Mwenye kurekodi ana sababu nyingine, naye anahitaji 24.

HDMI kupitia televisheni

Kama kompyuta tayari imeunganishwa na televisheni kwa HDMI, sauti imeshafika pale bila wewe kuongeza kitu. HDMI hubeba hadi chaneli nane zisizobanwa, kila moja ikifika kilohezi 192, jambo ambalo mwanga hauwezi: mwanga hubeba chaneli mbili, au chaneli sita zikiwa zimebanwa. Kwa mwenye amplifaya mpya ya filamu yenye spika tano na besi, HDMI haina mpinzani.

Kwa mwenye spika mbili, televisheni inaweza kuwa daraja. Nyingi zina tundu la mwanga nyuma, nalo unaweza kulipeleka kwenye kiboksi kilekile nilichokieleza. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya televisheni uchague PCM, yaani sauti isiyobanwa. Ukiacha kwenye mtindo uliobanwa, kiboksi kidogo hakitauelewa, nawe utapata ukimya au msukosuko wa kelele. Tuliijaribu kwa Mzee na sauti ilikuwa safi. Akaikataa kwa sababu ya haki kabisa: hataki kuwasha televisheni ili asikilize muziki, hasa usiku anapotumia sola.

Bluetooth

Nimesikia watu wakiidharau Bluetooth bila kuipa nafasi. Inakata njia ya umeme kama mwanga, haina waya wa kukanyagwa, na spika yenye betri huendelea kuimba umeme ukikatika. Kwa jikoni au barazani inafaa.

Lakini hubana sauti upya. Mtindo wake wa kawaida, SBC, hufika kama kilobiti 328 kwa sekunde katika hali yake njema. Ipo mitindo bora, kama AAC, aptX, na LDAC inayopanda hadi 990, ila lazima pande zote mbili ziukubali mtindo mmoja, na Windows yenyewe haina LDAC. Windows 10 inajua SBC na aptX. Windows 11 ikaongeza AAC. Kumbuka MP3 yako ilishabanwa mara moja, sasa inabanwa ya pili.

Kwa mpwa wangu kulikuwa na kasoro mbili zilizomaliza mjadala. Sauti huchelewa nyuma ya picha, kwa hiyo hawezi kukata video kwenye mdundo wa ngoma. Na mara tu anapofungua maikrofoni ya hedifoni kuzungumza na mteja, Bluetooth hubadilisha mtindo, na sauti yote inageuka kuwa ya simu, chaneli moja. Wengi hudhani hedifoni zimeharibika. Ukitumia maikrofoni ya laptopu badala ya ile ya hedifoni, hali hiyo haitokei.

Ndani ya kompyuta

Njia yoyote uichaguayo, kompyuta inaweza kuzivuruga tarakimu kabla hazijatoka. Windows huchanganya sauti zote, za muziki na za arifa, kisha huzipeleka kwa kiwango kimoja kilichowekwa. Kikiwa kilohezi 48 na CD zako ni 44.1, kila sampuli inahesabiwa upya. Si janga, Windows za sasa hufanya hesabu hiyo vizuri, lakini ukisikiliza CD zaidi ya video, weka 44.1 kwenye mipangilio ya kifaa cha sauti. Zima na kila kilichoandikwa kwamba kinaboresha sauti. Programu kama foobar2000, ambayo ni ya bure, inaweza kuchukua kifaa peke yake na kupeleka tarakimu zilivyo. Kwenye Linux zenye PipeWire, programu inayosimamia sauti, kiwango cha kuanzia ni 48, nacho kinaweza kubadilishwa.

Tahadhari moja hapa. Tarakimu zikitoka zilivyo, kitelezi cha sauti cha kompyuta huenda kisifanye kazi, na wimbo utatoka kwa nguvu yake yote. Teremsha amplifaya hadi chini kabisa kabla ya kubonyeza.

Nani achukue ipi

Mwenye laptopu na hedifoni za kawaida, za omu 16 hadi 32: kijikebo cha USB chenye kigeuzi. Mwenye hedifoni nzito za studio, zile za omu 250, anahitaji kigeuzi chenye amplifaya ya hedifoni ndani, la sivyo zitanong'ona tu.

Mwenye spika za kompyuta zenye umeme wake na nyumba isiyo na mvumo: jaribu kwanza jeki uliyonayo, kwa usikivu wa dhati, usiku kukiwa kimya. Ukisikia mbu, nenda USB. Usinunue kwa sababu jirani amenunua.

Mwenye amplifaya kubwa iliyounganishwa pia na dikoda na dishi, au anayetumia inveta ya bei ndogo: mwanga. Inveta nyingi za bei ndogo hutoa wimbi la ngazi ngazi badala ya wimbi laini, na ngazi hizo husikika kama mkoromo. Kebo ya mwanga itauzuia mkoromo usipite kutoka kwenye kompyuta. Ule unaoingia kwenye amplifaya moja kwa moja kutoka ukutani hautauzuia. Dawa yake ni inveta ya wimbi laini.

Mzee alibaki na mwanga. Ipo sababu ya pili ambayo hatukuifikiria mwanzoni. Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani, na sisi tupo ukingoni mwake. Wingu jeusi likitanda upande wa ziwa, mjukuu wake anajua kazi yake: anachomoa kompyuta, anachomoa amplifaya, anachomoa televisheni, anafungua kebo ya dishi kwenye dikoda. Kebo ya mwanga anaiacha ilipo.